Mgeni, Mwenyeji na Lakiri: Kulinda Mawasiliano ya Mashine Pepe

Mashine pepe ni kompyuta iliyo ndani ya kompyuta. Programu kama VirtualBox, VMware au Hyper-V huchukua sehemu ya kumbukumbu, ya diski na ya nguvu ya prosesa ya kompyuta halisi, kisha huifanya sehemu hiyo ijione kuwa ni kompyuta kamili, yenye mfumo wake wa uendeshaji, programu zake na kadi yake ya mtandao. Kompyuta halisi huitwa mwenyeji, na ile ya ndani huitwa mgeni. Majina haya yamekaa vizuri kuliko yanavyoonekana mwanzoni, kwa sababu uhusiano wenyewe ni wa mtu aliyepewa chumba katika nyumba ya mwingine: ana mlango wake na kufuli lake, lakini maji, umeme na njia ya kutokea barabarani ni vya mwenye nyumba.

Katika mji wa Lindi, kwenye kata kama Mtanda, Mikumbi na Rahaleo, si ajabu kompyuta moja kuwa na watu wengi. Ya steshenari huchapa barua za mtaa mzima, huskani vyeti na kujaza maombi ya ajira na ya mikopo ya elimu ya juu. Ya ofisi ya chama cha msingi cha ushirika hupita mikononi mwa karani, mhasibu na kijana aliyekuja kufanya mafunzo kwa vitendo, hasa msimu wa ufuta na korosho, kazi za stakabadhi ghalani zinapopamba moto. Ya nyumbani huwa ya baba asubuhi na ya watoto jioni. Anayetaka kona yake ndani ya kompyuta ya namna hiyo hushauriwa afungue mashine pepe, na ushauri huo ni mzuri nusu. Mashine pepe imebuniwa ili mgeni asimharibie mwenyeji. Haikubuniwa ili mwenyeji asimchungulie mgeni. Ukuta ni mmoja, lakini dirisha limewekwa upande wa mwenye nyumba.

Njia inayopitwa na paketi za mgeni huonyesha jambo hili waziwazi. Mpangilio ambao VirtualBox huuweka yenyewe mgeni anapoundwa huitwa NAT. Mgeni hupewa anwani 10.0.2.15, lango lake la kutokea huwa 10.0.2.2, na kifaa cha kujibu maswali ya majina ya tovuti huonekana kwake kama 10.0.2.3. Lango hilo na kifaa hicho si vyombo vya kushikika. Nyuma yao kuna programu ya VirtualBox yenyewe, inayopokea kila paketi ya mgeni, kuangalia inakwenda wapi, na kuituma upya kwa jina la mwenyeji. Kwa ruta iliyo sebuleni na kwa kampuni ya simu, mgeni hayupo. Yupo mwenyeji tu. Wengi huridhika hapo, wakidhani kutoonekana na ruta ni kutoonekana na yeyote, wakati aliyezipokea paketi zote, moja baada ya nyingine, ni mwenyeji.

Tena mwenyeji hahitaji ujanja wowote. VirtualBox ina kipengele rasmi cha kurekodi: amri ya VBoxManage modifyvm, ikifuatwa na jina la mgeni na maneno --nictrace1 on pamoja na --nictracefile1, huandika kila paketi ya kadi ya kwanza ya mgeni katika faili la pcap, ambalo baadaye hufunguliwa kwa programu ya Wireshark. Mgeni hapati taarifa yoyote. Kipengele hicho kiliwekwa kwa ajili ya mafundi wanaotafuta hitilafu na hakina ubaya wowote kwa chenyewe, ila mwenye kompyuta anaweza kukiwasha kabla hajaiazimisha, akakisahau au asikisahau.

Kinachosomeka ndani ya faili hilo ni kingi kuliko watu wanavyotarajia. Tovuti nyingi leo hutumia HTTPS, kwa hiyo maneno yaliyoandikwa, nywila na namba za akaunti hazisomeki. Lakini maswali ya DNS, yanayopita mlango namba 53, kwa kawaida husafiri wazi, na ndiyo yanayotaja jina la kila tovuti. Hata yakifichwa hayo, kivinjari kinapoanza mazungumzo na seva hutaja jina la tovuti kabla usimbaji haujaanza. Toleo la TLS 1.3, lililotangazwa mwaka 2018, lilificha mengi, cheti cha seva kikiwamo, lakini jina hilo likaliacha nje. Mbinu ya kulificha imekuja baadaye na haijaenea kila mahali. Halafu kuna saa na ukubwa. Mtu akiona kwamba saa 22:10:41, yaani saa nne na dakika kumi usiku, mgeni aliuliza jina la hospitali, dakika mbili baadaye jina la maabara ya vipimo, na kabla ya saa tano jina la kampuni ya bima, hana haja ya kuusoma ukurasa wowote wa tovuti hizo.

Enzi za barua, aliyetaka siri aliyeyusha lakiri juu ya bahasha. Lakiri ilimzuia tarishi. Haikumzuia aliyesimama nyuma ya mwandishi wakati barua ikiandikwa. Mwenyeji wa mashine pepe ni wote wawili kwa pamoja: ni tarishi, kwa kuwa paketi hupitia kwake, na ni yule wa nyuma ya bega, kwa kuwa kumbukumbu, skrini na kibodi anavyotumia mgeni ni mali yake. Dhidi ya tarishi kuna tiba inayoaminika. Dhidi ya yule mwingine tiba ni za nusu, na mara nyingine hakuna kabisa.

Ndiyo maana, kabla ya kusakinisha chochote, inafaa kuamua mwenyeji ni nani hasa. Kompyuta ikiwa ni ya mtumiaji mwenyewe, naye anataka tu kazi zake zisichanganyike na za wengine wa nyumbani, au hataki programu lukuki zilizojazana upande wa mwenyeji zijue mgeni anatembelea wapi, basi wa kushughulikiwa ni tarishi, na hatua zinazofuata zinatosha. Kompyuta ikiwa ni ya mwajiri au ya steshenari, na mwenye akaunti ya msimamizi ni mtu mwingine, hatua hizohizo zitapunguza kinachoonekana bila kukimaliza. Hali ya tatu, ya mashine pepe iliyokodiwa kwenye kituo cha data, ina mambo yake na itaguswa baadaye.

Kazi huanza na mgeni safi. Mashine pepe iliyokwisha kuandaliwa na mtu mwingine, ikatolewa kwenye fleshi kama zawadi, haifai hata kama aliyeitoa ni rafiki. Ndani yake inaweza kuwa na cheti cha mamlaka kilichopandikizwa, na mgeni anayekiamini cheti hicho hataona onyo lolote pale mwenyeji atakapojiweka katikati ya mazungumzo ya HTTPS na kuyasoma yote. Njia ya uhakika ni kupakua faili la ISO la mfumo kama Debian kutoka kwenye tovuti yake rasmi, kisha kuhakiki alama yake ya SHA-256, mfuatano wa tarakimu na herufi 64 unaochapishwa pamoja na faili. Kwenye Windows alama hupatikana kwa amri ya certutil -hashfile, jina la faili, na neno SHA256. Kwenye Linux kwa sha256sum. Ikitofautiana na iliyochapishwa hata kwa herufi moja, faili lifutwe. Inasikitisha kutupa mamia ya megabaiti za bando kwa herufi moja, lakini hakuna namna nyingine ya kusoma tofauti hiyo.

Kwa laptopu za mtumba zenye GB 4 za RAM, mgeni apewe kama GB 1.5 hadi 2 na mandhari nyepesi kama Xfce. Akipewa zaidi, mwenyeji ataanza kukwama na mgeni naye atakwama. Diski ya mgeni isimbwe wakati wa usakinishaji, chaguo ambalo Debian hulitoa lenyewe. Diski iliyosimbwa humlinda mgeni akiwa amezimwa: mtu akinakili faili la diski hiyo kwenda kwenye fleshi yake hatapata kitu bila nywila. Mgeni akishawaka, ufunguo uko kwenye kumbukumbu na ulinzi huo umekwisha.

Baada ya hapo huja lakiri yenyewe, yaani VPN, programu inayozitia paketi zote katika bahasha iliyosimbwa hadi kwenye seva ya mbali, na kosa linalorudiwa kuliko yote liko hapa. Mtumiaji husakinisha VPN kwenye mwenyeji, huona alama ya kijani, na kuamini kwamba mgeni naye amefunikwa. Kwa macho ya kampuni ya simu ni kweli amefunikwa. Kwa macho ya mwenyeji hakuna kilichobadilika, kwa sababu paketi za mgeni humfikia zikiwa wazi na ndiye anayezitia bahasha. Mtu hawezi kumficha tarishi barua kwa kumpa tarishi huyohuyo kazi ya kuifunga. VPN inayomhusu mgeni husakinishwa ndani ya mgeni, funguo zake hutengenezwa ndani ya mgeni, na faili lake la mipangilio halipiti kwenye folda yoyote ya mwenyeji.

Kwa matumizi ya kawaida WireGuard inatosha na ni rahisi kuielewa. Imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo 5.6 la Machi 2020, na faili lake la mipangilio huwa na mistari isiyozidi kumi na kitu. Amri ya wg genkey hutoa ufunguo wa siri, wg pubkey hutoa wa wazi. Wa wazi hupelekwa kwenye seva, wa siri hauondoki. Mgeni akishaunganishwa, mwenyeji huona paketi za UDP zikienda kwenye anwani moja, mara nyingi mlango namba 51820, na ndani yake hamsomeki kitu. Bado huona saa na ukubwa wa mzigo. Atajua kwamba usiku ule palikuwa na video, au kwamba asubuhi palikuwa kimya, ila hatajua ni video ipi wala ya nani.

Seva ya upande wa pili nayo ni jambo la kupima. Kampuni inayouza VPN huwa tarishi mpya, na majina yote ya tovuti ambayo mwenyeji hayaoni tena huwa yanaonekana na kampuni hiyo. Huduma za bure zinastahili shaka zaidi, kwa kuwa kuendesha seva ni gharama na lazima mtu ailipe kwa njia fulani. Mwenye uwezo hukodi seva yake ndogo na kuiwekea WireGuard mwenyewe. Mahali ilipo seva panaonekana kwenye kasi: mawasiliano ya Lindi yanayokwenda ng'ambo hutegemea nyaya za baharini, na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ilizorota Tanzania na nchi jirani. Anayetegemea VPN kwa kazi yake ya kila siku ana sababu ya kuandaa seva mbili zilizo pande mbili tofauti.

Bando pia huguswa, ingawa si kwa kiasi kinachosemwa vijiweni. WireGuard juu ya IPv4 huongeza baiti 60 kwenye kila paketi, na paketi kubwa huwa karibu na baiti 1,500. Hiyo ni takriban asilimia 4, yaani kama MB 40 katika kila GB 1. Tatizo linaloudhi zaidi ni tovuti kuganda katikati wakati ujumbe mfupi unapita vizuri. Mara nyingi chanzo ni paketi kuwa kubwa kuliko mtandao wa simu unavyoruhusu, na dawa ni kushusha thamani ya MTU kwenye faili la WireGuard kutoka 1420 hadi 1280.

VPN peke yake ina tundu: ikikatika, mgeni anaweza kurudi kwenye njia ya wazi bila kumwambia mtu. Umeme ukikatika kidogo na kurudi, ruta huwaka upya, laptopu yenye betri inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na katika sekunde chache kabla VPN haijajishikiza tena, barua pepe na programu za kusasisha mfumo huweza kuwa zimekwisha kuuliza majina ya nusu ya tovuti zake. Tundu hilo huzibwa na ngome ya mtandao ndani ya mgeni. Kwa programu ya ufw, mipangilio ni minne: ufw default deny incoming, kuzuia kinachoingia, ufw default deny outgoing, kuzuia kinachotoka, kisha ruhusa moja ya kutoka kwenda kwenye anwani ya seva ya VPN kwa UDP mlango 51820, na ruhusa ya pili ya kutoka kupitia wg0, ambayo ndiyo kadi ya WireGuard. Mwisho ni ufw enable. Anwani ya seva iandikwe kwa namba, si kwa jina, maana jina litahitaji DNS na DNS imekwisha kufungiwa mlango. Kwa mpangilio huu VPN ikifa, intaneti ya mgeni hufa nayo. Ni usumbufu uliokusudiwa.

Maswali ya DNS yaelekezwe kwenye anwani iliyo ndani ya VPN, kwa mstari wa DNS katika faili la WireGuard, ili yasiende tena 10.0.2.3. IPv6 nayo isisahauliwe: VPN iliyopangwa kwa IPv4 pekee huacha IPv6 ipite pembeni pale mtandao unapoitoa. Ama ipitishwe yote ndani ya VPN kwa kuongeza ::/0 kwenye mstari wa AllowedIPs, ama izimwe kwa mgeni.

Kisha jaribio, ambalo watu wengi huliruka. Chombo kilekile cha kuchungulia ndicho cha kupimia. Mgeni akiwa amezimwa, mwenye kompyuta huwasha nictrace, humwasha mgeni, huunganisha VPN, hufungua tovuti tatu au nne, kisha humzima na kufungua faili la pcap kwenye Wireshark. Faida ya nictrace ni kwamba hurekodi paketi za mgeni tu, bila kelele za programu za mwenyeji. Mgeni aliyefungwa vizuri huonekana hivi: mistari michache mwanzoni ya kuomba anwani, halafu mstari juu ya mstari kutoka 10.0.2.15 kwenda kwenye anwani moja ileile, yote UDP, hakuna jina hata moja. Kwenye kisanduku cha kuchujia likiandikwa neno dns, ukurasa unapaswa kubaki mtupu. Ikiwa litatokea hata swali moja, kwa kawaida la seva ya saa au la kusasisha mfumo lililowahi kabla ya VPN, ngome haijakaa sawa. Jaribio la pili ni kuikata VPN makusudi katikati ya kazi: faili linatakiwa kunyamaza. Baada ya kuridhika nictrace izimwe na faili lifutwe, kwa kuwa wapo waliopima kwa uangalifu mkubwa wakasahau kurekodi kukiendelea.

Mpangilio wa daraja, ambapo mgeni hupata anwani yake mwenyewe kutoka kwenye ruta, husifiwa na baadhi ya mafundi kuwa unamtenga mgeni na mwenyeji. Hautengi. Paketi bado hupita kwenye kadi ya mwenyeji, na zaidi ya hapo mgeni sasa anaonekana na kila kifaa kilicho kwenye ruta. Utengano wa kweli zaidi hupatikana kwa kumpa mgeni modemu yake ya USB, ile ambayo wengi huiita dongo, yenye laini yake. VirtualBox humkabidhi mgeni kifaa cha USB moja kwa moja. Mwenyeji hapati kadi mpya ya mtandao na programu zake za kawaida hazioni kitu. Hata hivyo data hupita kwenye waya za USB za mwenyeji, na fundi anayejua anaweza kuirekodi hapo, kwa usbmon kwenye Linux au USBPcap kwenye Windows. Kwa hiyo dongo ni nyongeza juu ya VPN ya ndani, haichukui nafasi yake.

Kuna milango ya uani ambayo haihusiani na mtandao na huvujisha kuliko mtandao. Ubao wa kunakili ukishirikishwa pande zote mbili, nywila iliyonakiliwa kwa mgeni husomeka na programu yoyote ya mwenyeji. Folda ya pamoja hugeuza kila kilichopakuliwa kuwa mali ya wote. VirtualBox ina uwezo wa kurekodi skrini ya mgeni kama video. Na mazoea ya kumfunga mgeni kwa kuhifadhi hali yake badala ya kumzima huandika kumbukumbu yake kwenye faili la diski ya mwenyeji, ikiwa na funguo za WireGuard na za diski iliyosimbwa ndani yake. Picha ya hali inayochukuliwa mgeni akiwa anafanya kazi hufanya vivyo hivyo. Ubao na folda vizimwe, na mgeni azimwe kabisa kila kazi inapokwisha. Hata hapo, Windows huweza kumwaga kumbukumbu kwenye faili zake za pagefile.sys na hiberfil.sys, jambo linaloipa thamani hatua ya kusimba diski ya mwenyeji pia, pale mtumiaji anapokuwa ndiye mwenye nayo.

Hapo ndipo tarishi anapokwisha na yule wa nyuma ya bega anapobaki. Mwenye haki za msimamizi kwenye kompyuta anaweza kunakili kumbukumbu nzima ya mgeni anayefanya kazi. VirtualBox ina amri yake, VBoxManage debugvm yenye neno dumpvmcore. Anaweza kuweka programu ya kunasa kila kitufe kinachobonyezwa, nayo itanasa nywila ya diski kabla mgeni hajawaka. Hakuna mpangilio ndani ya mgeni unaozuia haya. Watengenezaji wa Tails, mfumo maarufu wa faragha, huonya jambo hilohilo kwa wanaotaka kuuendesha ndani ya mashine pepe: mwenyeji asiyeaminika huona yote.

Kwa kompyuta ya steshenari au ya ofisi, basi, shauri la busara ni kuacha kabisa mashine pepe na kuiwasha kompyuta kwa fleshi. Tails hukaa kwenye fleshi ya GB 8, huwaka yenyewe badala ya Windows, hupitisha mawasiliano yake yote kwenye mtandao wa Tor, na haiandiki kitu kwenye diski ya kompyuta. Mwenyeji hayupo kwa sababu hakuamshwa. Kinachobaki ni vifaa vyenyewe, kama kibodi iliyochomekewa kinasa katikati ya waya, na hilo huangaliwa kwa macho kwa kuinama nyuma ya meza. Fleshi ya namna hiyo iwashwe kwa idhini ya mwenye kompyuta, na kama idhini haipatikani, simu ya mtumiaji mwenyewe ni mahali salama zaidi pa kusomea barua pepe kuliko kompyuta ya mtu iliyovishwa tabaka tatu za ulinzi.

Mwenye kompyuta yake na RAM ya kutosha ana njia ya kuvutia zaidi, ya kuugeuza uhusiano juu chini. Mfumo wa Qubes OS, uliotoka kwa toleo lake la kwanza mwaka 2012, humnyima mwenyeji mtandao. Kadi ya mtandao hukabidhiwa mgeni mmoja aitwaye sys-net, asiye na kazi nyingine. VPN hukaa kwa mgeni wa pili. Kivinjari kwa wa tatu. Sehemu inayotawala kompyuta haina intaneti, kwa hiyo hata ikiona haina pa kupeleka. GB 6 za RAM ndicho kiwango cha chini, na kwa uzoefu wa kazi halisi 16 ndizo zinazostarehesha, jambo linaloziweka nje laptopu nyingi za mtumba.

Katika vituo vya data tatizo limeshughulikiwa kwenye prosesa zenyewe. Teknolojia ya SEV ya AMD, iliyoingia sokoni na prosesa za EPYC mwaka 2017, na TDX ya Intel iliyofuata, husimba kumbukumbu ya mgeni kwa ufunguo ambao mwenyeji hapewi. Watafiti wameonyesha mianya mara kadhaa nayo imekuwa ikizibwa. Anayekodi mashine pepe kwa ajili ya kumbukumbu za wagonjwa au hesabu za ushirika anaweza kuuliza kama huduma hiyo ipo. Kwenye laptopu ya kawaida haipo.

Upande wa sheria, faragha ya mawasiliano imetajwa katika ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kunasa mawasiliano ya mtu bila ruhusa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. VPN yenyewe ina masharti. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zinakataza teknolojia inayomwezesha mtu kufikia maudhui yaliyopigwa marufuku, kwa adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka watu na kampuni wanaotumia VPN kujisajili kwake kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, pamoja na kueleza anwani za IP wanazotumia. Ofisi inayoweka VPN kwa wahasibu wake ianze na usajili huo ndipo ije kwenye WireGuard. Na mfanyakazi anayetumia kompyuta ya mwajiri asome kwanza mwongozo wa kazini, kwani mwajiri anaweza kuwa amejiwekea kwa maandishi haki ya kukagua kompyuta zake, na pengine amekataza mashine pepe moja kwa moja.

Mashine pepe ikishamaliza kazi yake huondolewa kwa utaratibu uleule wa kuiweka. Kulifuta faili la diski ya mgeni upande wa mwenyeji hakutoshi peke yake, kwa kuwa faili lililofutwa huweza kufufuliwa. Diski ikiwa ilisimbwa tangu siku ya kwanza, kitakachofufuliwa hakisomeki bila nywila. Ufunguo wa wazi wa mgeni nao uondolewe kwenye seva kwa amri ya wg set wg0 peer, ufunguo wenyewe, na neno remove, kisha uondolewe pia kwenye faili la mipangilio la seva, la sivyo utarudi seva itakapowashwa upya.